Mwalimu wa Volti ya Kati

Wanafunzi wa vyuo vingine wakimaliza hupewa cheti na kupigwa picha. Sisi tuliofundishwa na Mwalimu tulipewa cheti, na picha tukapigwa, lakini kilichotutoa machozi ni rizista mbili zilizofungwa pamoja kwa uzi mwekundu, ambazo yeye mwenyewe alimtilia kila mmoja wetu kiganjani bila kusema kitu. Asiyejua angeziona takataka: vijiti viwili vya kuzuia umeme, vyenye mistari ya rangi, bei yake haifiki bei ya andazi. Sisi tulijua kwamba amezipima. Zangu nilizihifadhi miaka mingi ndani ya mfuko wa mita yangu ya kupimia umeme kazini. Sasa sinazo tena, na nitasema zilikokwenda.

Rizista zinazotoka kiwandani huandikwa thamani moja, lakini ukizipima hazilingani. Hii imezidi kidogo, ile imepungua. Mwalimu alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa rizista, na saa ya chai, wenzake wakigombania chapati, yeye alikuwa pembeni akichomoa moja, akiipima, akiiweka, akichomoa nyingine, mpaka apate mbili zinazosoma sawasawa. Hizo aliziita mapacha. Alizifunga uzi hapo hapo, kwa meno na mkono mmoja, akazitia mfukoni mwa shati. Walimu wenzake walimcheka. Mmoja alimwuliza kama anawaozesha.

"Naam," akajibu. "Na mimi siozeshi ovyo kama baba yako."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimchokoza kidogo anakurudishia kikubwa, kisha anaendelea na kopo lake.

Alitufundisha elektroniki katika chuo cha ufundi mjini Lindi. Alifundisha mengi kwa kuwa mtaala ulimtaka, lakini kilichokuwa moyoni mwake ni kimoja: amplifaya ya tofauti. Amplifaya ya kawaida hukuza chochote unachoipa. Hii ina milango miwili ya kuingilia, nayo hukuza kile tu ambacho milango miwili haikubaliani juu yake. Mngurumo wa jenereta na uchafu wa umeme wa ukutani huingia pande zote mbili kwa kiasi kimoja, basi hutupwa. Linalobaki ni neno la msemaji. Mimi, binti wa wakulima wa korosho kutoka Rondo, nilipoelewa hilo nilikaa kimya siku nzima, jambo ambalo kwetu hawaliamini mpaka leo.

Kilichotuelewesha si ubao. Alitutoa nje mpaka kwenye ngazi ya jengo la ofisi, akawasimamisha vijana wawili kwenye kidato cha katikati. Akamwambia mmoja apande, mwingine ashuke, hatua kwa hatua, pamoja. "Mnaona wanavyoachana? Huo mwachano ndio sauti." Kisha akawaambia wapande wote wawili kwa pamoja. "Sasa wameachana?" Tukasema hapana. "Huo ni upepo. Umewasukuma wote. Amplifaya haina habari nao." Halafu akawapeleka juu kabisa, karibu na mlango wa mkuu wa chuo, akamwamuru yule wa kupanda apande. Kijana akasimama anaangalia mlango.

"Panda!"

"Hakuna pa kupanda, Mwalimu."

"Ahaa! Hujafanya kosa lolote, umeanzia mahali pabaya tu. Sauti yako imegonga dari, imepasuka, na wewe ulikuwa unasema kweli tupu."

Mahali pa kuanzia, yaani volti ambayo milango miwili ya kutokea hutulia juu yake kabla mtu hajasema chochote, vitabu vinapaita kwa jina refu. Yeye alipaita baraza. Ukiweka baraza katikati ya nguvu ya betri, neno lina nafasi ya kupanda na nafasi ya kushuka. Ukiliweka juu sana au chini sana, upande mmoja utakatwa. Kwa hiyo kanuni yake, aliyotuimbia mpaka tukaiota, ilikuwa hii: baraza kwanza, ukuzaji baadaye, maneno mwisho. Hukaribishi wageni kabla hujatandika.

Siku moja mimi nilikaribisha wageni. Nilikuwa na haraka, nikauongeza ukuzaji kabla sijaligusa baraza, spika ikakoroma, chipu ikatoa harufu. Mwalimu alipiga ukelele uliowasimamisha maseremala wa karakana ya jirani, randa zao hewani.

"We binti wa Rondo! Baraza liko wapi? Wageni wakae kichwani kwako?"

Mimi nina hasira za karibu. Nilimwambia mbele ya darasa kwamba kwetu Rondo mtu mzima hapigi kelele kwa ajili ya kitu cha shilingi mia mbili. Mwalimu akanitazama, akatoka nje. Nilijua nimefukuzwa chuo. Kesho yake nikakuta juu ya meza yangu redio ya mama yangu, ambayo nilikuwa nimeileta kutoka nyumbani ikiwa imekufa na nikashindwa kuifufua. Inaongea. Na imefutwa vumbi. Yeye hakusema neno, nami sikuuliza.

Baadaye nilikuja kugundua kwamba hilo lilikuwa ni neno. Mwalimu hakujua kusema samahani. Wala sidhani aliona kiburi, ila neno lenyewe halikupata njia kinywani mwake. Akikukosea, alikutengenezea kitu. Mkuu wa chuo aligombana naye kuhusu ratiba, wiki iliyofuata feni ya ofisi yake ikazunguka. Jirani yake wa Lindi, mama mmoja muuza vitumbua ambaye Mwalimu aliwahi kumwita mchafu, alipata taa ya betri ya kuuzia jioni. Samahani yake ilikuwa na waya.

Kelele alizichukia kuliko dhuluma. Ukuzaji, alisema, hauumbi kitu. Kama ndani hamna neno, ukikuza utapata kelele kubwa zaidi. Walipomwita kutengeneza spika za msikiti mmoja pale mjini, zilizokuwa zikinguruma, alifuatilia waya mpaka akaukuta umelazwa sambamba na waya wa feni. Akauhamisha, akalehemu upya, mngurumo ukaisha. Wazee wakafurahi, kisha wakamwomba aongeze sauti ifike mbali. Yeye akaipunguza.

"Mnataka watu waitwe au wafukuzwe?" akawauliza.

Wakanung'unika. Lakini adhana ya alasiri ilipotoka, kila herufi imesimama peke yake, mzee mmoja alitoa leso akajifuta macho. Mwalimu akaondoka bila kungoja chai. Huyo huyo, kwenye arusi moja, alinyanyuka na kanzu yake nyeupe, akapita katikati ya wanawake wanaocheza, akaenda kwenye mitambo akashusha vitasa vyote vya mpiga muziki. Vijana nusura wampige. Akatolewa nje kwa heshima, kisha akaingia kwa mlango wa nyuma akala pilau yake.

Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba tulimcheka sana, maana yanayofuata hayachekeshi.

Mtu aliyetufundisha katikati, yeye mwenyewe hakuwa nayo. Kwake mtu alikuwa ndugu au hakuwa kitu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Shomari, na nyumba yake ya asili ilikuwa Kiswere, alikokwenda kila mwisho wa juma na alikorudi moja kwa moja alipostaafu. Mimi wakati huo nilikuwa nimeajiriwa Kilwa, natengeneza vifaa vya hospitali, na safari zangu za kwenda Lindi zilipita njia panda ya kwao. Nikawa nashuka kuwasalimu. Habari ya Shomari sikuipata kwake. Niliipata kwa mkewe, Mama Shomari, jikoni, tukimenya mihogo.

Shomari alikuwa mvuvi wa mshipi, kijana mpole. Kisha akaingia kundi la wavuvi wa baruti. Hawa huwasha, hurusha majini, bahari inainuka, na samaki wanaelea wamekufa, wengine wanazama, na lazima mtu apige mbizi kuwafuata. Mwalimu alikuwa akiongea dhidi ya jambo hilo kijijini, kila mahali, kwa ukali wake ule ule. Ijumaa moja Shomari akaja na mafungu ya changu, zawadi kwa wazazi. Mwalimu alikuwa anatoka msikitini na wenzake. Akamchukua samaki mmoja, akambonyeza mgongoni kwa kidole gumba. Kidole kikazama, maana mifupa ya ndani ilikuwa imesagika.

"Akamwangalia mtoto," Mama Shomari akaniambia, kisu kimesimama. "Watu wote wale wapo. Akasema, Shomari, sina radhi nawe. Si duniani wala akhera."

Kwa asiye wa kwetu, labda hilo ni neno la hasira kama maneno mengine. Kwetu mzazi akikuondolea radhi, huna pa kukanyaga. Utalima usivune, utaoa usitulie. Na waliosikia hawasahau. Shomari aliweka samaki chini, akaenda zake. Miaka ikapita hajakanyaga Kiswere. Halafu akaletwa. Alikuwa majini akikusanya samaki, mwenziwe juu akarusha baruti nyingine kabla hajapanda. Mungu alimwachia roho, lakini masikio yakaenda yote mawili.

Mama Shomari alimpeleka Lindi kwa daktari wa masikio. Daktari akampima, akamweleza mama kwa upole kwamba kilichokufa kiko ndani kabisa, kwenye mishipa, na hakuna mashine ya kumsaidia. Alirudi nyumbani akamweleza mumewe hivyo hivyo. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Walimpima kwa ukuzaji wa kiasi gani?"

Huyo ndiye aliyetufundisha kwamba ukuzaji hauumbi kitu.

Shomari akabaki nyumbani. Akapata kazi kwenye mashamba ya chumvi ya jirani, kazi isiyohitaji kusikia. Baba na mwana walikula sinia moja. Mwalimu alimchagulia kipande kizuri cha samaki, akamsogezea kwa kidole. Mama alitunga lugha ya mikono ya nyumbani, na Shomari akaielewa haraka. Mwalimu akakataa kujifunza. Nilipomwuliza kwa nini, akajifanya anatafuta bisibisi.

Lakini siku nyingine, tumekaa tunakunywa chai ya tangawizi, alianza mwenyewe, bila kuulizwa.

"Baruti ilikuwa yao, binti. Neno lilikuwa langu. Sijui lipi limempiga."

"Mwalimu, ni baruti," nikasema. "Mimi nafanya kazi hospitali. Ni mshindo tu."

"Wewe unapima vitu vinavyopimika."

Nikamwambia basi amrudishie radhi yake, yaishe. Akasema amesharudisha moyoni siku ile ile walipomteremsha garini. Lakini mtoto hajui. Mama Shomari alikuwa ameshamwomba amwandikie. Shomari anasoma vizuri tu. Mwalimu akakataa. Sheikh wa kijiji alikuja akakaa naye, akamweleza kwamba radhi ni nia, na Mwenyezi Mungu husikia yaliyo vifuani. Mwalimu akamjibu kwa adabu zote, nami nilikuwapo, nilisikia:

"Mungu amesikia, sheikh, simbishii. Huyu hajasikia."

"Si umwandikie, basi?"

"Nilipomwondolea radhi, sikumwandikia. Nilimwambia kwa mdomo akasikia kwa masikio, na watu wakasikia. Litatoka nilikoliingizia."

Nilikasirika. Nilimwona mkaidi, mtu mzima anayeacha mtoto wake aungue kwa ajili ya utaratibu. Nilimwambia hivyo njiani aliponisindikiza. Aliniuliza tu kama hospitali yetu hutupa maikrofoni ndogo za zamani.

Hivyo kikaanza kisanduku. Kilikuwa cha mbao, ukubwa wa msahafu, na mbele yake maikrofoni mbili zimepeana migongo. Wazo lake lilikuwa zuri, na hata sasa naliona zuri. Upepo wa bahari, majogoo, pikipiki, watoto, vyote vinatoka mbali, vinafika kwenye maikrofoni zote mbili kwa kiasi kimoja, vinatupwa. Kinywa kilicho karibu kinafika zaidi kwenye ile ya mbele. Tofauti inakuzwa, inaingia kwenye hedifoni, na ndani yake hamna kitu ila sauti ya baba. Taa ndogo nyekundu huwaka kikiwa na umeme. Kila nilipopita Kiswere nilivaa hedifoni hizo nikajaribu, na wallahi, nilikuwa nasikia ulimi wake ukiachana na meno.

Shomari hakusikia kitu. Mwalimu anamvisha, anaongea neno la kawaida tu, jina lake au "hujambo", maana lile kubwa alikuwa akiliwekea siku kisanduku kitakapokuwa tayari. Shomari anamtazama, anatikisa kichwa taratibu. Mwalimu anasema, "Bado kidogo," anakifungua tena. Anaweka baraza upya, anapandisha ukuzaji. Anabadilisha rizista. Kila akipandisha, zile zisizolingana sawasawa zinaruhusu upepo kupenya. "Ukiwa na mapacha wa uongo," aliniambia, "upepo unaingia ndani ukijifanya neno." Kwa hiyo anarudi kwenye kopo, anapima. Miaka mitano? Saba? Sikumbuki, maana Kiswere muda ulikuwa unahesabiwa kwa toleo la kisanduku. Mama Shomari aliacha kumsemesha juu yake. Aliweka chai karibu, akaondoka.

Nami nilikuwa namsaidia. Daktari wa hospitali yetu, nilipomweleza, alinitazama kama anamtazama mtu anayetwanga maji. Nilijua hakitafanya kazi. Lakini nilikuwa nikimpelekea waya, hedifoni nzito zaidi, chipu mpya, kwa sababu siku zote tangu aliponitengenezea redio ya mama yangu nilikuwa nafahamu lugha aliyokuwa akiisema. Nisingeweza kumkata katikati ya sentensi.

Mwaka huu, kabla ya mvua, Mama Shomari akanipigia simu. Mwalimu hali vizuri chakula. Miguu imevimba. Amekataa kupelekwa Lindi, anasema daktari amtafute yeye. Kisha akashusha sauti. "Anasema uje. Uje na zile mapacha zako, kama hujazipoteza."

Kama sijazipoteza! Nilikasirika njia nzima mpaka njia panda, na nilipoziona tena ndani ya mfuko wa mita, uzi umepauka, hasira ikageuka ikawa kitu kingine.

Nilimkuta sebuleni, juu ya mkeka, mito nyuma yake, shuka miguuni. Alikuwa amekuwa mdogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja nazo?"

"Hujauliza hata hali yangu."

"Hali yako naiona. Umenenepa. Umekuja nazo?"

Nikampa. Akazishika kiganjani, hakuzipima. Mikono ilikuwa inatetemeka, na mita isingekaa. Akaeleza kwa pumzi fupi fupi: anataka ukuzaji wa mwisho, mkubwa kuliko yote, na rizista za kurudisha, zile zinazopanga ukuzaji, zimekwisha kwenye kopo lake. Alikumbuka kwamba mwaka wetu alitupa hizo. Wenzangu aliwatafuta kwa simu. Mmoja alizipoteza, mwingine alizilehemu kwenye redio. Akanitazama, nikajua kwamba hilo la redio limemuuma.

"Siku ile nilizipima vizuri," akasema. "Hazina kosa."

Mama Shomari akatuma mtu mashambani. Shomari akaja na chumvi imemkaukia kwenye magoti, akanawa mikono, akakaa mbele ya baba yake. Mama akasimama mlangoni akamweleza kwa mikono. Nilimwona Shomari akifuata vidole vya mama yake, akakunja uso, akauliza tena, naye akarudia: akagusa kifua, akaelekeza kwa baba, akafungua viganja viwili juu kama mtu anayepokea. Shomari akainamisha kichwa. Sasa alijua amekuja kuambiwa nini. Mama akamvisha hedifoni mwenyewe, akazibonyeza vizuri, akamwacha.

Mimi nilikuwa chini na kisanduku. Nilitoa betri kwanza, nikaiweka juu ya mkeka karibu na goti la Mwalimu, kama alivyotufundisha. Nikang'oa rizista za zamani. Nikafungua uzi mwekundu. Nikalehemu moja, nikalehemu ya pili. Nikapuliza. Nikachukua bisibisi ya baraza, ili nikirudisha betri nianze na katikati, kisha ukuzaji, kisha ndipo aseme.

Mwalimu hakungoja.

Alikuwa amekwishavuta kisanduku mbele ya kinywa chake. Yeye, aliyewasimamisha maseremala kwa sababu yangu, akaanza kusema na baraza halijawekwa, taa haijawaka, betri iko mkekani. Nilinyanyua mkono wenye bisibisi. Mama Shomari alinitazama kutoka mlangoni, mkono wangu ukarudi chini.

"Shomari, mwanangu," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, hata mimi niliinama kuisikia. "Nimekuwia radhi. Duniani na akhera. Nilikuwa nimekuwia radhi zamani, basi tu… nilichelewa njiani. Na wewe uniwie radhi mimi."

Ni mara moja hiyo tu katika maisha yangu niliyomsikia akiomba.

Akamtazama mtoto wake usoni, kwa macho yale aliyokuwa akitazamia sindano ya mita, anangoja itulie. Nje jogoo aliwika, na pikipiki ikapita.

"Nimesikia, Baba," Shomari akasema, kwa sauti yake kubwa isiyojua ukubwa wake, mpaka mtu aliyekuwa akipita nje akasimama. "Nimesikia yote."

Akauchukua mkono wa baba yake, akaubusu, akauweka juu ya kichwa chake, hedifoni bado ziko masikioni. Mama Shomari akatoka nje upesi. Mimi nilibaki nimepiga magoti na bisibisi mkononi, nalia bila kujificha, na ninalia sasa ninapoandika, kwa maana siku chache baadaye nilipigiwa simu nyingine, na Mwalimu akazikwa Kiswere kabla sijafika.

Lakini wakati ule alikuwa hai, na alikuwa bado fundi. Nilimwona macho yake yanashuka kutoka kwa Shomari kuja kwenye taa ya kisanduku. Yakakaa pale. Kisha yakaja kwenye mkeka, karibu na goti lake, yakaiona betri. Hakushtuka. Aliitazama kwa muda, kisha kwa mkono wake ulio huru akavuta upindo wa shuka taratibu, akaifunika.

"Zima, binti yangu," akaniambia. "Tusimalize betri."

Nikainama, nikabonyeza swichi, nikakizima kisanduku ambacho hakikuwa kimewaka.